Maji Yalikatika Saa Nne

2 Septemba

Mwanangu Diwani,

Salamu nyingi. Nakuandikia kwa sababu kwenye simu huniambii kitu. Nikikuuliza unasema "mzima mama, nipo kwenye kikao," na umeshakata. Barua huwezi kuikata. Nampa dereva wa lori la maziwa, anapita huko kwetu kila baada ya siku mbili tatu, na nimemwambia asimpe mtu mwingine hata akijidai ni msaidizi wako.

Huku tu wazima. Mapacha wa mdogo wako wanakua, mmoja ananyonya kama anashindana na mtu, mwingine anasinzia ziwa likiwa mdomoni. Mdogo wako mwenyewe tangu ajifungue bado anatembea ameshika ukuta, kwa hiyo usinitarajie mwezi huu. Ufunguo wa bomba nilimwachia jirani. Mkumbushe ratiba ni ile ile, saa kumi na mbili anafungua, saa nne anafunga, na asiilazimishe mashine ya kuvuta maji.

Sasa lililonifanya nishike kalamu. Juzi nafua nepi, redio ipo dirishani, nikasikia sauti yako. Nikakimbia na povu mikononi, nikamwita mdogo wako, njoo, dada yako huyu! Ulizungumza mpaka mwili ukanisisimka. Mimi niliyeishia darasa la nne, leo mtoto wangu anaulizwa maswali na redio na hababaiki. Lakini yule mtangazaji alipokuuliza kuhusu wakimbizi waliopo kwenye banda la mnada wa ng'ombe, kama watahamia mabweni ya kiwanda hapo katani kwako, ukamjibu hakuna mtu anayepaswa kulala mahali pa ng'ombe.

Mwanangu. Uchaguzi umebaki mwezi mmoja. Neno lako ni zuri, sina ubishi, lakini si ungeliweka moyoni mpaka kura zihesabiwe? Watu wa huko nawajua, wanakuchekea mchana kutwa na kwenye sanduku wanakumaliza. Usijitose. Vaa sweta asubuhi.

Ni mimi mama yako.


6 Septemba

Shikamoo mama,

Barua nimeipata. Dereva alikataa katakata kumpa msaidizi wangu, akaliegesha lori juani nje ya ofisi mpaka nikatoka kwenye kikao. Nusura maziwa yagande.

Sitakuficha. Waliopo bandani ni watu mia mbili na kumi, wengi watoto. Banda lina paa lakini halina kuta, na sakafuni ipo ile mifereji ya mikojo ya ng'ombe. Mvua ikianza, maji yatapita katikati yao. Mabweni ya kiwanda yana vyumba themanini, vimefungwa tangu kiwanda kife. Baraza linapiga kura tarehe 22. Kwa kuwa mabweni yapo katani kwangu, madiwani wenzangu wengi wanasema watasimama nitakaposimama mimi. Ndiyo maana siku hizi kila mtu ananishika mkono na kuniuliza habari za afya yangu.

Mwenyekiti wa baraza anataka tuahirishe mpaka uchaguzi upite. Katibu wa chama chetu alinifuata hadi jikoni.

"Dada, hao watu mia mbili hawana kura hata moja. Wenye kura wapo kwenye foleni ya maji, na wamenuna."

Nikamuuliza, "Wewe ungelala pale bandani?"

"Mimi sigombei," akasema, akajimiminia chai.

Halafu yupo mpinzani wangu, Kipaza, yule aliyekuwa akitengeneza redio. Sasa ana vipaza sauti vinne juu ya pikapu na hoja moja tu. "Bomba letu linakauka saa nne asubuhi! Wakija hawa litakauka saa mbili!" Jana alikutaja na wewe. "Kama mimi mwongo, muulizeni mama mzazi wa diwani! Miaka kumi na tano anashika ufunguo, hajampitisha mtu mbele ya foleni, hata binti yake!" Mama, walikupigia makofi kwenye mkutano wa mpinzani wangu. Nilicheka peke yangu njiani kama mwendawazimu.

Lakini hoja yake inaniuma kwa sababu ni ya kweli. Mimi mwenyewe nimekulia kwenye foleni ile. Niandikie unachojua kuhusu kisima cha bomba letu. Hakuna anayekijua kama wewe.

Mwanao.


9 Septemba

Mwanangu,

Umekula? Dereva anasema umekonda shingo.

Hilo la kisima mimi sina la kusema, mimi ni mtu wa kufungua na kufunga tu. Usizungumzie maji kabisa. Zungumzia barabara. Zungumzia zahanati, haina kitanda cha pili. Na huyo Kipaza aniache mimi na vipaza vyake, mimi si mgombea wa kitu.

Niliishia hapo nikaenda kuogesha watoto, nimerudi nimesahau nilichotaka kuandika. Leo nimeunguza uji mara mbili. Mdogo wako ananitazama tu.

Lile la wakimbizi liahirishe, mwenyekiti ni mtu mzima, msikilize. Ukishapata kiti tena utawasaidia vizuri zaidi.

Mama yako.


14 Septemba

Shikamoo mama,

Barua yako fupi nimeisoma mara tatu. Unaniogopea, nimeelewa.

Juzi nilikwenda bandani bila gari la baraza na bila mpiga picha. Yupo mama mmoja pale, huko kwao alikuwa mwalimu wa darasa la kwanza. Amewapanga watoto mbele ya ile mizani kubwa ya kupimia ng'ombe, anawafundisha namba kwa mshale wake. Anampandisha mtoto, mshale unasogea, wenzake wanataja namba kwa sauti. Akimaliza wanaimba. Mama, ungewaona ungeomba na wewe upandishwe.

Akaniuliza, "Mheshimiwa, mtaamua lini?"

Nikasema tarehe 22.

"Na mvua imeambiwa hiyo tarehe?"

Nikamuaga, nikaondoka. Sasa nimeamua, na nataka ulisikie kwangu kwanza. Nitaomba suala liahirishwe. Si kwa ajili ya kiti, ingawa najua katibu ataimba. Ni maji. Siwezi kuongeza watu mia mbili na kumi kwenye bomba linalokauka saa nne, halafu wenyeji na wageni waje kupigana kwa madumu. Hilo nisingejisamehe. Jana nilirudi nikamwambia yule mwalimu mwenyewe, uso kwa uso, nikamweleza habari ya kisima. Hakubisha. Alisema tu, "Kama ni maji, ni maji," akarudi kwenye mizani yake.

Kwa hiyo usihangaike tena, mama. Kiti kitapona. Unga wako wa uji usiunguzwe bure.

Mwanao.


17 Septemba

Mwanangu,

Kaa chini kwanza. Kama upo na watu ifunge, uisome baadaye.

Kile kisima hakikauki saa nne. Hakijawahi kukauka. Kilichimbwa na kiwanda wakati kina wafanyakazi mia sita, wanaishi mabwenini humo humo na wanaoga kwa zamu tatu. Kitakaukaje kwa sisi?

Ni mimi. Baba yenu alipofariki kamati ya maji ikanipa ufunguo wa bomba kwa kunihurumia, lakini bomba peke yake halikutosha kuwalisha. Zahanati ikawa inatafuta mtu wa kufua mashuka, kuanzia saa nne na nusu mpaka jioni. Ningesema natoka mapema wangempa ufunguo mwingine. Basi siku moja saa nne nikazima mashine, nikasema maji yamekatika, kisima kimechoka, tukiilazimisha mashine itaungua. Nilidhani itakuwa wiki mbili tu, mpaka nijipange. Hakuna aliyenibishia. Wananiamini kwa sababu foleni yangu ilikuwa ya haki. Haki yangu ndiyo iliyonisaidia kudanganya, ona jambo hilo.

Watu wakazoea. Wakaanza kuamka na giza. Mashuka yale ndiyo yaliyowavalisha sare za shule, wewe na mdogo wako, sikatai. Lakini mgongo ulinishinda kufua miaka saba iliyopita, na bado nikaendelea kufunga saa nne. Ningesemaje? Kisima kimepona? Nikifunga naenda nyumbani, nakaa kitini, nasikia wanawake wanapita na madumu matupu wakiambiana poleni.

Nina hakika na ninachokuambia. Mwaka ule wa surua, siku moja watu wote wapo zahanatini na watoto, bombani hakuna mtu, nilisahau kuzima mashine nikaenda kufua. Nilikumbuka jioni, nikarudi mbio nikijua nimeshaiua. Maji yalikuwa yanatoka kwa nguvu kama asubuhi.

Nilikuandikia uahirishe ili kiti chako kipone na jina langu lipone. Ukanijibu umekubali. Nimepata nilichoomba, na sikitaki tena. Huyo mwalimu kwa nini hakubisha? Angebisha ningepata nafuu.

Halafu wewe. Ulikwenda kwa miguu yako kumwambia mtu uso kwa uso kwamba hutamsaidia. Ungeweza kumtuma msaidizi. Mimi miaka kumi na tano nimeshindwa kumwambia jirani wa ukuta mmoja. Sijui umejifunzia wapi, si kwangu.

Barua hii isome barazani. Usiseme fundi amepima. Na nakujua, utaificha ili unilinde. Kwa hiyo nimeandika nyingine kama hii, siku mbili zimenitoa jasho, na dereva anampa mwenyekiti mkononi.

Mama yako, mshika ufunguo.


24 Septemba

Shikamoo mama,

Niliificha kweli. Ilikuwa mkobani chini ya leso, na nilijipanga kusema nimepata taarifa za kitaalamu. Za kitaalamu, mama! Nilishakupandisha cheo.

Hata sijasimama, mwenyekiti akavaa miwani. "Nimeletewa barua na mtu wa maziwa," akasema, akaisoma yote. Ulipofuta alisema "hapa amefuta." Ulipomtaja baba alikohoa, akaanza mstari upya. Madirishani watu walikuwa wamebanana.

Wa kwanza kupasuka alikuwa muuza mkaa wa kona. "Miaka kumi na tano naamka na majogoo! Nimezeeka kwa ajili ya mashuka!"

Mtu akamjibu kutoka nyuma, "Si hayo hayo uliyozalia wanao?"

"Hata kama!"

Watu wakacheka, wengine wakatukana. Sitakuandikia waliyosema, utayasikia mwenyewe ukirudi. Kipaza akaruka juu ya benchi. Bila vipaza vyake, sauti yake ni nyembamba, hukujua hilo. "Mmeona? Mama mwongo na binti ni damu yake! Ndiyo mnampa kata?"

Nilisimama. Nikasema, "Huyo ni mama yangu. Uongo ulikuwa wake, sare ya shule ilikuwa yangu, kwa hiyo matusi nileteeni mimi. Lakini anasema maji yapo. Twendeni tukafungue."

Katibu wa chama akanivuta gauni. "Kaa chini. Leo unapoteza kila kitu."

Tukaenda wote, baraza zima na viti vyake. Jirani yako akaukumbatia ufunguo kifuani. "Na mashine ikiungua, kata nzima itakunywa nini?" Mimi nilikuwa na karatasi yako tu. Nikauchukua ufunguo, nikaiwasha. Ilikuwa saa nne na robo.

Mama, saa ile ya kwanza sikutoka kando ya mashine. Kila mashine ilipobadilisha mlio watu walinigeukia. Ilipofika saa sita wameleta madumu yote. Saa nane wameleta sufuria, mabeseni, karai la fundi ujenzi. Wakimbizi walikuja wakasimama mbali kando ya ukuta, na ni yule yule muuza mkaa aliyewapigia kelele, "Mnasimama huko mnaogopa nini, leteni vyombo, maji yanamwagika!" Yule mwalimu akaja na ndoo mbili na kundi lake la watoto. Mwenyekiti alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, saa mkononi. Saa kumi akaweka kiganja chake juu ya mashine. "Haijapata hata joto," akasema. Katani hapakuwa na chombo kitupu kilichobaki.

Tulipiga kura pale pale, viatu vimelowa. Mkono wangu ulikuwa wa kwanza. Kumi na mmoja tulikubali, wanane walikataa. Katibu aliondoka bila kuaga. Jana watu wamehamia mabwenini, na leo mvua imenyesha.

Nimesimama majukwaani miaka mitano, mama. Sijawahi kusema neno lililonigharimu kama kurasa zako mbili. Ulinijua kuliko ninavyojijua, ukanizunguka na lori la maziwa. Nakuheshimu mpaka nashindwa kuandika vizuri.

Mwanao.


8 Oktoba

Shikamoo mama,

Bila shaka redio imeshakuambia. Nimeshindwa kwa kura arobaini na moja. Muuza mkaa anasema alinipigia. Jirani yako anasema hakunipigia, na alikuja kuniambia mwenyewe, akanipa pole na maandazi.

Kipaza aliahidi kwenye mkutano wa mwisho kwamba wiki yake ya kwanza ofisini atayasafisha mabweni. Alitumia neno hilo, kusafisha. Hilo ndilo linalonikosesha raha, kiti sikililii sana.

Usije kujilaumu. Nakukataza.

Mwanao.


21 Oktoba

Mwanangu,

Unikataze wewe? Nimejilaumu siku tano, nimemaliza, sasa nimepumzika.

Mapacha wamepata chanjo, wamelia mpaka muuguzi akaomba msamaha. Mdogo wako sasa anatembea bila ukuta, kwa hiyo Alhamisi napanda lori la maziwa nakuja. Walionikasirikia nitawasikiliza, mmoja baada ya mwingine, sina haraka. Kamati imeniletea ujumbe kwamba ufunguo unakaa kwa jirani, na mimi nasema ni haki yao. Atafungua mpaka jioni, ana magoti mazima.

Dereva amenieleza yote ya Jumamosi. Nilimkalisha, nikampa chai, nikamwambia anza mwanzo na usiruke. Nilijua Kipaza anakwenda kuwatoa wale watu, sikulala. Kumbe alikwenda na mpiga picha na kibao kipya chenye jina lake! Dereva anasema bomba sasa linatoka kutwa nzima, wanawake wanafua mchana, wanawasifu wageni kwamba wameleta baraka, na yeye Kipaza ana masikio, huwezi kutengeneza redio miaka yote hiyo ukakosa masikio. Akasimama mlangoni akasema "haya mabweni yangu." Yangu! Watu wakapiga makofi. Dereva alitaka kuzomea, akakumbuka ana maziwa ya kufikisha.

Nikamuuliza, na mwanangu alikuwepo? Akasema alikuwepo. Mbele na wakubwa? Hapana. Na wale waliokuwa wanapiga makofi? Hapana. Basi alikuwa wapi?

Akasema upepo ulikuwa mkali siku hiyo, mvua inakuja, na ule mlango mkubwa wa chuma ulikuwa unajibamiza, na watoto wa yule mwalimu wanaingia na kutoka mbio. Akasema wewe ulisimama nyuma ya mlango umeuegemea kwa mgongo wasibanwe vidole, tangu hotuba inaanza mpaka inakwisha. Hakuna aliyekupiga picha. Akasema ulikuwa unawahesabia namba.

Mwanangu, nilikuwa nakuonea huruma mpaka aliposema hilo. Nikaacha.

Leo mama mmoja wa huku akaniuliza dirishani, "Huyo binti yako, maadamu si diwani tena, siku hizi anafanya kazi gani?" Nikamwambia anashika mlango watu waingie. Hakunielewa, akadhani umeajiriwa hotelini. Sikumsahihisha.

Ni mimi,
mama yako.